Je, ujauzito hushusha kinga ya mwili? Jibu kwa mama mwenye baridi yabisi na chembe nyeupe zilizopanda

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 31 na ujauzito wangu wa kwanza umefikisha wiki 22. Tangu nipate mimba naambiwa kwamba kinga ya mjamzito hushuka ili mwili usimkatae mtoto, na kwamba nitumie vidonge vya kuiongeza. Lakini majibu ya kipimo cha damu yanaonyesha chembe nyeupe 13,200 kwa kila mikrolita, na maabara imeweka alama kuwa ziko juu. Baridi yabisi ya viungo ambayo imenisumbua kwa miaka kadhaa imetulia kuliko wakati wowote, ilhali pua imeziba kwa wiki nyingi kana kwamba mafua hayaishi. Je, kinga yangu imepanda au imeshuka? Nitumie vidonge hivyo? Na chanjo ninazoelezwa kliniki zitanifaa nini kama kinga yenyewe imelala?

Jibu: Marahaba, dada, na hongera kwa kufika nusu ya safari. Nianze na jibu lenyewe kabla ya sababu zake. Kinga yako haijapanda wala haijashuka kwa jumla. Baadhi ya sehemu zake zimeongezewa nguvu, nyingine zimepunguziwa makali, na mpangilio huo hautofautiani tu kati ya mji wa mimba na mwili mzima, bali pia kati ya mwezi wa pili, wa tano na wa tisa. Ndiyo maana unaweza kuwa na chembe nyeupe nyingi kuliko zile ulizozoea na wakati huo huo ukawa na viungo visivyouma. Vidonge vya kuongeza kinga huna haja navyo. Chanjo unazihitaji, na zitafanya kazi.

Dhana uliyoelezwa na watu wako ina historia yenye heshima. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza Peter Medawar, ambaye mwaka 1960 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya namna mwili unavyojifunza kuvumilia tishu ngeni, aliuliza inakuwaje mama ambaye mwili wake ungekataa kipande cha ngozi ya mwanawe ambebe mtoto huyo huyo kwa miezi tisa bila kumtupa. Nusu ya jeni za mtoto zimetoka kwa baba, na kwa kipimo cha upandikizaji wa viungo mtoto ni mgeni. Medawar alitaja majibu matatu yanayowezekana: kwamba mama na mtoto wametenganishwa kimaumbile, kwamba tishu za mtoto bado ni changa mno kutambuliwa, au kwamba kinga ya mama imepoa. Jibu la tatu ndilo lililoenea midomoni mwa watu, na kwa maoni yangu ndilo lililopotosha zaidi.

Ushahidi dhidi yake haukuhitaji maabara za kisasa. Mjamzito hupona vidonda, hupambana na bakteria, na hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazowanasa wavamizi, akichanjwa. Anaweza hata kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto aliye tumboni mwake: mama mwenye kundi la damu la Rh hasi anayebeba mtoto mwenye Rh chanya anaweza kuzitambua chembe nyekundu za mtoto zilizopenya kwenye damu yake na kujiandaa kuziangamiza, jambo ambalo huhatarisha mimba zinazofuata. Hiyo ndiyo sababu akina mama hao hudungwa sindano ya anti-D, kwa kawaida karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rh chanya. Kinga iliyolala isingehitaji kuzuiwa kwa sindano.

Wala utengano wa mama na mtoto si kamili kama Medawar alivyodhani huenda ukawa. Seli chache za mtoto huvuka na kuingia katika damu ya mama, na baadhi hubaki. Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake nchini Marekani waliripoti kuwa wamekuta seli za kiume katika damu ya mwanamke aliyekuwa amemzaa mwana wake wa mwisho miaka 27 kabla. Mwili wake ulikuwa umeishi nazo muda wote huo bila kuziondoa zote.

Kwa hiyo inatupasa kutazama mpakani, pale kondo la nyuma linapokutana na ukuta wa mji wa mimba. Karibu kila seli ya mwili iliyo na kiini hubeba juu yake protini za utambulisho zinazojulikana kwa kifupi kama HLA, na hizo ndizo madaktari huzilinganisha kabla ya kumpandikiza mgonjwa figo. Seli za nje za kondo la nyuma, ziitwazo trofoblasti, hazionyeshi HLA-A wala HLA-B, ambazo ndizo huchochea kwa nguvu zaidi seli T za mpokeaji, yaani aina ya chembe nyeupe, zishambulie kiungo kigeni. Zile zinazooga moja kwa moja katika damu ya mama huwa karibu hazina HLA yoyote juu yake. Zile zinazopenya ndani ya ukuta wa mji wa mimba hubeba HLA-C, HLA-E na HLA-G, na hiyo ya mwisho hupatikana mahali pachache sana nje ya kondo.

Msomaji makini atauliza: je, kujificha huko hakuleti hatari nyingine? Mfumo wa kinga una seli maalumu, zinazoitwa seli uaji asilia, ambazo huzisaka seli zilizopoteza vitambulisho, kwa kuwa seli za saratani na zilizovamiwa na virusi hufanya hila hiyo hiyo. Na kwa kweli seli uaji asilia zimejaa tele mahali hapo. Katika miezi mitatu ya kwanza zinaweza kufikia asilimia 70 hivi ya chembe nyeupe zote zilizomo kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba. Lakini haziui trofoblasti. HLA-E na HLA-G huzipa ishara ya kujizuia, na zaidi ya hayo seli hizo ni za aina tofauti na zile zinazozunguka kwenye damu: hutoa kemikali zinazosaidia kuikarabati mishipa ya ateri inayolisha kondo, ni kama askari waliokabidhiwa mwiko wa uashi. Mishipa hiyo, ambayo kabla ya mimba huwa myembamba na iliyojisokota, hupoteza misuli yake na kuwa mifereji mipana ambayo damu hupita kwa wingi na kwa utulivu.

Nakaa hapa kwa sababu hapa ndipo dhana ya kinga iliyoshuka inapovunjika kabisa. Mishipa hiyo isipopanuka vya kutosha, kondo hukosa damu, na mama huweza kupata shinikizo la damu la ujauzito linaloambatana na protini kwenye mkojo au kuathirika kwa viungo kama figo na ini, hali inayotangulia kifafa cha mimba. Mwaka 2004 kundi la Ashley Moffett wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilionyesha kwamba baadhi ya michanganyiko ya vipokezi vilivyo kwenye seli uaji asilia za mama na HLA-C ya mtoto huongeza uwezekano wa hali hiyo. Mchanganyiko wenye hatari ulikuwa ule unaozizuia mno seli za mama. Kwa maneno mengine, mimba iliingia hatarini pale kinga ya mama ilipobanwa kupita kiasi, si pale ilipochangamka. Nami nitumie nafasi hii kutahadharisha: wapo wanawake wanaouziwa vipimo vya seli uaji asilia katika damu ya mkono, kisha dawa za kuzipunguza, kwa madai kwamba ndizo zinazoharibu mimba. Ushahidi wa madai hayo ni hafifu, na idadi iliyo kwenye damu ya mkono haielezi kinachotendeka katika mji wa mimba.

Pamoja na seli hizo zipo seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake wanaotaka kushambulia. Huongezeka mapema katika ujauzito, na katika panya zikiondolewa, mimba ambayo baba ni wa ukoo tofauti na mama huharibika. Jaribio jingine la panya, la mwaka 1998, lilionyesha njia ya ziada: kondo hutoa kimeng'enya kinachovunja triptofani, kirutubisho ambacho seli T hukihitaji ili ziongezeke, na kimeng'enya hicho kilipozuiwa kwa dawa, vijusi vilivyokuwa na baba wa ukoo mwingine vilikataliwa ilhali vile vya ukoo mmoja na mama vilisalimika. Homoni za ujauzito, hasa projesteroni, huunga mkono mwelekeo huo wa utulivu. Uvumilivu kwa mtoto, basi, ni kazi inayofanywa kila siku na kinga iliyo macho, tena hufanywa kwa sehemu kubwa pale pale kwenye mji wa mimba.

Sasa tuje kwenye wakati, kwa maana umeniambia uko wiki ya 22 na hilo lina uzito. Ujauzito huanza kwa hali inayofanana na uvimbe wa jeraha. Kiinitete hujichimbia ukutani, tishu huvunjwa na kujengwa upya, na seli za kinga humiminika kusafisha na kukarabati. Baadaye hufuata kipindi kirefu cha katikati ambacho kemikali za kutuliza uvimbe hutawala, mtoto hukua kwa kasi, na ambacho ndicho ulichomo sasa. Mwishoni hali hugeuka tena: chembe nyeupe huingia kwa wingi katika mlango wa kizazi na misuli ya mji wa mimba, na pamoja na kemikali ziitwazo prostaglandini hulainisha mlango huo na kuchochea uchungu. Mpangilio huu una utaratibu mkubwa kiasi kwamba mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, kwa kufuatilia mwenendo wa seli za kinga katika damu ya akina mama, waliweza kukadiria umri wa mimba.

Jambo la kivitendo linatokana na hatua hiyo ya mwisho. Maambukizi yanaweza kuuwasha uvimbe wa uchungu kabla ya wakati na kuleta mtoto njiti. Bakteria kwenye mkojo, hata wasipokuletea maumivu yoyote, hutibiwa kwa mjamzito ilhali kwa mwanamke asiye na mimba mara nyingi huachwa, kwani wakipanda hadi kwenye figo huleta homa kali na huweza kuanzisha uchungu. Kwa hiyo ukiombwa mkojo kliniki, usiuone ni utaratibu wa kujaza fomu.

Kuhusu kipimo chako cha damu, sina wasiwasi nacho. Kiwango cha chembe nyeupe ambacho maabara nyingi huchapisha, takriban 4,000 hadi 11,000 kwa mikrolita, ni cha watu wazima wasio wajawazito. Katika ujauzito 6,000 hadi 16,000 ni jambo la kawaida, na wakati wa uchungu zimepimwa 25,000 na hata zaidi kwa wanawake wasio na maambukizi yoyote. Zinazoongezeka ni hasa neutrofili, chembe za mstari wa mbele dhidi ya bakteria, kwa sababu ya homoni za ujauzito pamoja na kupanda kwa kotisoli, homoni inayotuliza uvimbe. Sehemu hii ya kinga, ile ya kuzaliwa nayo isiyohitaji kufundishwa, ndiyo iliyoongezewa nguvu. Sehemu nyingine, ile ya seli T zinazoshambulia seli zilizovamiwa na virusi, ndiyo iliyopunguziwa makali kidogo. Idadi pekee bila homa, bila maumivu na bila dalili nyingine haitibiwi. Niongeze kwamba kipimo cha kasi ya kushuka kwa chembe nyekundu, ambacho huenda umekizoea kwa ajili ya baridi yabisi, hupanda sana katika ujauzito kwa sababu protini za kugandisha damu huongezeka, kwa hiyo hakifai tena kupimia ugonjwa wako. Kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda penye uvimbe mwilini, kinategemeka zaidi, ingawa nacho huweza kupanda kidogo.

Je, basi, mjamzito huugua zaidi? Jibu la uangalifu ni kwamba kwa maambukizi mengi hayapati kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine, lakini baadhi yakimpata humlemea zaidi, na sababu hazifanani. Homa ya mafua, ile ya virusi vya influenza, ni mfano wa wazi. Katika mlipuko wa H1N1 wa mwaka 2009 nchini Marekani, wajawazito walikuwa takriban asilimia 1 ya watu wote lakini asilimia 5 hivi ya waliofariki kwa ugonjwa huo. Kupungua makali kwa seli T kunachangia, lakini sehemu ya lawama ni ya maumbile tu: mji wa mimba husukuma kiwambo cha kifua juu, mwili huhitaji oksijeni zaidi, moyo tayari unafanya kazi ya ziada, hivyo mapafu yakivamiwa akiba ni ndogo. UVIKO-19 ulifuata mkondo huo huo, na tetekuwanga kwa mtu mzima mjamzito inaweza kuleta nimonia kali.

Malaria ina simulizi tofauti kabisa, nayo inaonyesha jinsi ilivyo kosa kueleza kila kitu kwa kushuka kwa kinga. Mwanamke aliyekulia katika eneo lenye malaria na kujenga kinga kwa miaka mingi anaweza kuugua upya katika mimba yake ya kwanza. Sababu ni kwamba vimelea vya falsiparumu huweza kuvaa protini inayoitwa VAR2CSA, ambayo hunasa kwenye sukari maalumu iliyomo kwenye kondo la nyuma. Kabla ya mimba hakukuwa na kondo, kwa hiyo mwili wake haukuwahi kukutana na vazi hilo la vimelea wala kuwa na kingamwili zake. Katika mimba ya pili na ya tatu kingamwili hizo huwa zimejengeka na hatari hupungua. Kinga yake haikushuka. Ilikutana na adui aliyebadili sura.

Bakteria wa listeria nao wana mapenzi na kondo: mjamzito ana uwezekano wa kuugua ugonjwa wao kwa kiasi cha mara 10 hadi 20 kuliko mtu mzima mwingine mwenye afya, ndiyo maana tunasisitiza maziwa yaliyochemshwa au kupasteurishwa na nyama iliyoiva. Homa ya ini aina ya E, hasa ile inayoenezwa na maji machafu, inaweza kuua hadi mmoja kati ya wanne au watano wanaoipata katika miezi mitatu ya mwisho. Ukipata homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, wakati wowote kuanzia sasa, usiisubiri ipoe yenyewe. Meza parasetamoli kwa kipimo sahihi na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uende bila kuchelewa hata kidogo ikiwa homa imeambatana na kupumua kwa shida, manjano ya macho, maumivu ya kiuno yanayoambatana na kutetemeka, au mtoto kupunguza kucheza.

Pua yako iliyoziba huenda haina uhusiano na kinga hata kidogo. Homoni na ongezeko la damu mwilini huvimbisha utando wa pua, na wanawake wengi hukaa hivyo kwa wiki nyingi bila homa wala makamasi mazito, kisha hali huondoka ndani ya wiki mbili hivi baada ya kujifungua. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi na kuinua kichwa unapolala husaidia. Usitumie dawa za matone za kuzibua pua kwa siku nyingi mfululizo, kwani zikiachwa pua huziba zaidi.

Vidonge vya kuongeza kinga sitavitumia maneno mengi. Hakuna kitufe kimoja cha kinga kinachoweza kupandishwa, na kama kingekuwapo, mwenye baridi yabisi angekuwa mtu wa mwisho kukibonyeza, maana ugonjwa wake ni kinga inayoshambulia viungo vyake mwenyewe. Baadhi ya vidonge hivyo vina vitamini A kwa wingi, na vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi, hasa mwanzoni mwa mimba, inaweza kumharibu mtoto maumbile. Endelea na madini ya chuma na asidi ya foliki ulizopewa kliniki. Mitishamba iliyochanganywa kwenye kapsuli bila maelezo ya kilichomo iache kabisa.

Chanjo ni habari nyingine, na hapa ujauzito unafanya jambo ambalo hakuna kidonge kinachoweza kulifanya. Kondo la nyuma lina kipokezi maalumu kinachozidaka kingamwili za aina ya IgG kutoka kwenye damu ya mama na kuzivusha hadi kwa mtoto. Kazi hiyo huanza karibu na wiki ya 13 kwa kiasi kidogo, huongezeka polepole, na sehemu kubwa ya shehena huvuka baada ya wiki ya 28, hata mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na IgG inayolingana au kuzidi ya mama yake. Kingamwili za IgM hazivuki, na zile za IgA mtoto huzipata kupitia maziwa, hasa dang'a la siku za mwanzo. Hii pia ndiyo sababu mojawapo ya mtoto njiti kuwa rahisi kuambukizwa: amezaliwa kabla shehena haijakamilika.

Ukichanjwa sasa, basi, unawakinga watu wawili kwa sindano moja. Kwa wewe ambaye uko wiki ya 22, chanjo ya pepopunda ipangwe kulingana na ulizopata zamani, kwa kuwa kingamwili zako ndizo zitakazomlinda mtoto dhidi ya vijidudu vinavyoingia kupitia kitovu. Chanjo ya kifaduro hutolewa Uingereza kuanzia wiki ya 16, na Marekani kati ya wiki ya 27 na ya 36. Uingereza ilipoanza mpango huo mwaka 2012, kinga iliyopatikana kwa watoto wa umri wa chini ya miezi mitatu ilikuwa karibu asilimia 90. Chanjo ya mafua ya sindano, ambayo virusi vyake vimeuawa, inaweza kutolewa wakati wowote wa mimba. Tangu mwaka 2023 ipo pia chanjo ya wajawazito dhidi ya virusi vya RSV vinavyoshambulia mapafu ya watoto wachanga, na hutolewa miezi ya mwisho mahali inapopatikana. Muulize mkunga wako zipi zimo katika ratiba unayofuata. Zile ambazo hatutoi ni za virusi hai vilivyodhoofishwa, kama vile ya surua na rubela au ya tetekuwanga. Hizo utazipata baada ya kujifungua ikiwa huna kinga yake. Ya homa ya manjano hufikiriwa tu pale hatari ya kuugua ni kubwa. Kuhusu hofu yako kwamba kinga imelala, wajawazito hujibu chanjo za mafua na kifaduro vizuri, na kingamwili hizo hupimwa hata katika damu ya kitovu cha mtoto.

Nimeiacha baridi yabisi mwishoni kwa kuwa ndiyo inayohitaji mpango. Nafuu unayoipata ilitambuliwa zamani: mwaka 1938 daktari Philip Hench wa Kliniki ya Mayo huko Marekani aliandika kuhusu wagonjwa wa baridi yabisi waliopata ahueni wakati wa ujauzito, na uchunguzi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kutafuta kemikali ya mwili inayoleta ahueni, njia iliyoishia kwenye kotisoni na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950. Leo tunajua kwamba kotisoli ni sehemu tu ya maelezo. Kupungua kwa makali ya seli T, kuongezeka kwa seli T dhibiti na mabadiliko ya sukari zilizoshikamana na kingamwili za IgG vyote vinachangia, na zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata nafuu. Si kila ugonjwa wa kinga huenda hivyo. Lupasi, kwa mfano, inaweza kuchachamaa wakati wa mimba.

Nafuu hiyo kwa kawaida haidumu. Mtoto na kondo vikishatoka, homoni hushuka ghafla na kinga hurudi kwenye mpangilio wake wa awali kwa wiki na miezi kadhaa, wakati mwingine kwa kishindo. Mfano uliopimwa vizuri zaidi ni wa ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi nyingi: utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mashambulizi yalishuka kutoka wastani wa 0.7 kwa mwaka kabla ya mimba hadi 0.2 katika miezi mitatu ya mwisho, kisha yakapanda hadi 1.2 katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Baridi yabisi nayo huchachamaa kwa wengi ndani ya miezi sita ya kwanza, na tezi la thairoidi huweza kuvimba kwa baadhi ya akina mama katika mwaka huo wa kwanza, likaleta moyo kwenda mbio na baadaye uchovu ambao kila mtu huusingizia mtoto mchanga.

Kwa hiyo, dada, kabla ya wiki ya 34 kaa na daktari wako wa viungo na mkunga wako, mkubaliane dawa utakazotumia baada ya kujifungua zinazoendana na kunyonyesha. Haidroksiklorokwini na salfasalazini huweza kutumika katika mimba na wakati wa kunyonyesha, na predinisoloni kwa dozi ndogo pia. Methotreksati haifai katika vyote viwili. Kwa sasa epuka dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki isipokuwa daktari amekuandikia, kwa sababu kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Panga miadi ya daktari wa viungo wiki ya sita hivi baada ya kujifungua, hata kama siku hiyo viungo vitakuwa bado vimetulia. Na kukakamaa kwa vidole asubuhi kukianza kuzidi nusu saa, usisubiri tarehe ya miadi.